Kusaidiana Bila Kuchokana: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zina mzizi mmoja. Watu wameshakubaliana kusaidiana, nia ipo, kisha mambo yanakwama kwenye daftari, kwenye sanduku au kwenye maneno. Barua ndefu tumezifupisha. Palipotajwa fedha tumeweka "mafungu" badala ya kiasi, kila kikundi kijipangie thamani ya fungu lake.

Habari zenu wahariri. Kikundi chetu hukusanya vitu na kuwapa wenye shida. Kijana mmoja alisimama kikaoni akasema tunachofanya ni sadaka, si kusaidiana, na wazee walikasirika. Tofauti ni ipi, na kuna haja gani ya kuijua? (Mwanakikundi)

Kijana ana hoja, ingawa angeweza kuchagua siku nyingine ya kuisema. Sadaka ni jambo jema na hatuna ugomvi nayo. Ila katika sadaka anayetoa ndiye anayeamua: nani apewe, apewe nini, lini, na mpaka lini. Katika kusaidiana, anayepokea naye ni mwenye kikundi.

Jipimeni hivi. Aliyepokea mwezi uliopita ana kura mwezi huu? Anajua salio la mfuko? Akipata nafuu, kuna mahali pa kuweka mkono wake, hata kama ni kufagia ukumbi au kumsindikiza mgonjwa? Na anayetoa leo akianguka kesho, atadai haki yake au ataanza kubembeleza? Mkijibu "hapana" kwa mengi ya haya, kijana amesema kweli.

Faida ya kujua tofauti ni kwamba inabadilisha habari mnazozipata. Mpokeaji asiye na kura hatawaambia kwamba mlichompelekea hakikumfaa, atashukuru tu. Mnaendelea kununua kisichohitajika mwaka mzima mkidhani mnafanya vizuri. Mwenye kura atasema siku ya pili.

Kuna mfano wa zamani ulioandikwa vizuri. Mwaka 1787, mjini Philadelphia, Marekani, watu weusi huru wakiongozwa na Richard Allen na Absalom Jones waliunda chama cha kusaidiana, Free African Society. Kila mwanachama alitoa shilingi 1 ya fedha kwa mwezi. Baada ya mwaka mzima wa michango, mwanachama mwenye shida angelipwa shilingi 3 na peni 9 kwa wiki, mradi shida hiyo haikuletwa na uzembe wake mwenyewe. Tazameni jinsi ahadi ilivyobanwa: kiasi cha kutoa kinajulikana, kiasi cha kupokea kinajulikana, muda wa kusubiri unajulikana. Hakuna mahali pa kumtazama mtu usoni na kukadiria kama anastahili kidogo au kingi. Hilo sharti la uzembe, kwa maoni yetu, liacheni. Linageuza kila ombi kuwa kesi, na kikundi kidogo hakina mahakimu wa kutosha.

Tuko kaya 60 hivi zinazopakana. Tunataka kuanza, lakini kila tukikutana tunabishana kuhusu katiba na jina la kikundi. Tuanzie wapi? (Katibu asiye na cha kuandika)

Ndugu katibu, jina litakuja lenyewe, na katiba andikeni mkishafanya kazi miezi miwili. Mtakuwa mmejua nini cha kuandika.

Gawanyeni kaya 60 katika makundi ya kaya 8 hadi 10, kwa ukaribu wa milango, si kwa urafiki wala ukoo. Kila kundi liwe na wajumbe wawili. Mmoja hatoshi: akiumwa, kundi zima linapotea. Wajumbe wapite nyumba kwa nyumba na karatasi yenye safu nne tu: jina la kuitwa, namna ya kumpata, anachoweza kufanya, na anachoweza kukihitaji. Safu ya nne ijazwe na kila mtu bila kuruka, hata mwenye gari na nyumba ya ghorofa. Asiye na shida leo anaweza kuhitaji mtu wa kukaa na mama yake akisafiri. Safu hiyo ikijaa kwa wote, hakuna tena kundi la "wahitaji" na kundi la "wafadhili" ndani ya kikundi.

Maswali yawe mahususi. Ukiuliza "unaweza kusaidia?" kila mtu husema ndiyo, na jibu hilo halina matumizi. Uliza: "Usiku wa manane ukipigiwa simu kwamba jirani anapelekwa hospitali, unaweza kutoka?" "Saa mbili za asubuhi siku ya kazi, unaweza kukaa na mtoto?" Mara nyingi mtagundua mna watu wengi wa kubeba mizigo mwisho wa wiki na karibu hakuna wa usiku. Pengo hilo mkilijua mapema mnaweza kupanga zamu, na mkilijua usiku wa dharura mmeshachelewa.

Kisha fanyeni jaribio. Tumeni ujumbe mmoja kupitia wajumbe, mhesabu kaya ngapi zimejibu ndani ya saa moja. Zikiwa chini ya nusu, mtandao wenu bado uko kwenye karatasi. Tafuteni ulipokatika, ambapo kwa kawaida ni kwa mjumbe mmoja au wawili, mrekebishe ndipo muendelee.

Chagueni kazi moja ndogo, muifanye wiki sita mfululizo: kuwasindikiza wagonjwa kliniki, kuchotea maji wazee, kulea watoto kwa zamu. Fedha ziwe jambo la mwisho. Watu wakishaonana wakitimiza ahadi ndogo za muda wao, ndipo watakapoaminiana na sanduku. Na msiweke kaya zote 60 katika mfuko mmoja wa fedha. Wachangiaji 15 hadi 30 ndio ukubwa unaobebeka. Chini ya 15, msiba mmoja unafagia kila kitu. Juu ya 30, watu hawajuani sura na kikao hakimaliziki.

Sisi kaya 24 tunataka mfuko wa dharura. Kila kaya itatoa fungu 1 kwa mwezi, na mwenye msiba, kulazwa au kuunguliwa nyumba apewe mafungu 100. Wengine wanasema ni kidogo. Mnaonaje? (Mweka hazina mpya)

Ahadi hiyo itavunjika mwaka wa kwanza. Hesabu iko hivi.

Kaya 24 kwa fungu 1 ni mafungu 24 kwa mwezi, 288 kwa mwaka. Sasa rudini nyuma miaka miwili, muulizane kwa ukweli: ni matukio mangapi ya aina hiyo yalizikuta kaya hizi? Tuseme misiba 3, kulazwa 5 na moto 1. Jumla 9, yaani 4 na nusu kwa mwaka. Kwa tahadhari hesabuni 5. Mafungu 100 mara 5 ni 500, na mnakusanya 288. Wawili wa kwanza watalipwa, wa tatu atakuta pungufu, wa nne ataambiwa asubiri, na wa tano ndiye atakayesimulia mtaani kwamba kikundi ni cha wizi. Wala hakuna aliyeiba.

Geuzeni hesabu. Chukueni matukio 5, ongezeni nusu kwa ajili ya mwaka mbaya, mpate 7 na nusu. Gawanyeni 288 kwa 7.5. Mnapata mafungu 38. Hiyo ndiyo ahadi mnayoweza kuitimiza. Mkitaka kulipa zaidi, ongezeni mchango au punguzeni aina za matukio.

Bado kuna hatari ya mwanzo. Baada ya miezi mitatu sanduku lina mafungu 72. Tukio la kwanza likichukua 38, yanabaki 34, na la pili mwezi huohuo halilipiki. Baada ya miezi sita mna 144, na matukio matatu yanalipika. Kwa hiyo andikeni kwamba malipo yanaanza mwezi wa 7. Wale wa Philadelphia walisubiri miezi 12, na walikuwa na sababu. Dharura ikitokea kabla, pitisheni mchango wa papo kwa papo nje ya mfuko.

Wekeni pia kiwango cha tahadhari: salio likishuka chini ya malipo mawili, yaani 76, kila anayestahili alipwe nusu mpaka lipande tena. Kanuni hii iandikwe sasa, wakati hakuna mgonjwa. Ikiandikwa siku ya tukio, itaonekana imetungwa dhidi ya mtu.

Mfuko wa aina hii una adui wawili ambao hesabu ya wastani haiwaoni. Wa kwanza ni janga linalopiga wote siku moja. Mafuriko yakiingia nyumba 15 kati ya 24, mfuko wa kaya 24 hauna maana. Wanaotoa na wanaohitaji ni walewale. Dawa yake ni kuungana na vikundi vya mahali pengine, ambapo maji yale hayafiki, na kutegemea zaidi nguvu za mikono kuliko fedha. Wa pili ni umri. Vyama vingi vya kusaidiana vya wafanyakazi wa Uingereza katika karne ya 19 vilikufa kwa sababu hiyo: wanachama walijiunga vijana, wakalipa kiwango kilekile, wakazeeka pamoja, wakaanza kuugua pamoja. Vijana wapya walipoona chama kimejaa wazee, walikwenda kuunda chao. Vingine vilijiokoa kwa kugawana kilichobaki kila mwisho wa mwaka na kuanza upya mwezi unaofuata. Nasi tunawashauri hivyo kwa miaka mitatu ya kwanza: bakizeni kiasi cha malipo mawili, kingine gawaneni. Mgawo wa mwaka hulazimisha vitabu vifungwe, na mweka hazina mwenye pengo la fedha hawezi kulificha zaidi ya miezi 12.

Sanduku likae kwa nani? Mwenyekiti anasema kwake kuna usalama. (Mwanachama mwenye wasiwasi)

Likae popote palipo salama, ila funguo zisikae hapo. Mpango uliosambaa sana ulianzia Niger mwaka 1991 katika vikundi vya akiba vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, wanachama watatu wa kawaida wanashika ufunguo mmojammoja, na mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa kikaoni tu, mbele ya wote.

Kufuli pekee hazitoshi. Kila kikao kianze kwa wanachama kutaja salio la kikao kilichopita kabla daftari halijafunguliwa, kisha fedha zihesabiwe kwa sauti, zilinganishwe, ziingie mpya, zitoke za malipo, na salio jipya litajwe na wote. Asiyejua kusoma analinda mfuko sawa na anayejua. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari analolielewa mtu mmoja tu lina hatari ileile.

Fedha za dharura na fedha za mikopo zisichanganywe. Wekeni mifuko miwili ya nguo ya rangi tofauti ndani ya sanduku. Mkikopeshana kutoka mfuko wa dharura, siku ya msiba mtakuta karatasi za madeni badala ya fedha.

Kuna watu wawili wanapokea kila mara lakini michango hawatoi. Wengine wameanza kuuliza kwa nini wao watoe. Tuwafukuze? (Mwenyekiti)

Bado, mwenyekiti. Kwanza tenganisheni asiyeweza na asiyetaka. Kwa nje wanafanana.

Mtumeni mtu mmoja anayeheshimiwa na mhusika, aende peke yake, ndani ya wiki moja tangu mchango wa kwanza kukosekana. Asiende na daftari. Aulize kuna nini. Kama mtu hana, apewe njia nyingine ya kutimiza: zamu ya usiku, kupika siku ya kazi, kuwafundisha watoto wa wenzake. Iandikwe kama mchango, kwenye safu ileile ya fedha. Ikiandikwa pembeni kama fadhila, mtu atakimbia.

Asiyetaka naye asipigwe rungu mara ya kwanza. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza malisho, mifereji na maji ya kuvulia samaki kwa vizazi vingi bila kuporomoka. Mojawapo ya alama alizozikuta ni adhabu inayopanda ngazi: ndogo kabisa mwanzo, nzito kwa anayerudia. Faini ya kwanza kazi yake ni kumjulisha mtu kwamba wenzake wanaona. Nyingine ni kwamba kanuni hufungwa kwenye kitu kinachoonekana. Kijiji cha Törbel, Uswisi, kilikuwa na kanuni tangu 1517 kwamba hakuna mwenyeji kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Kila mtu aliweza kuhesabu ng'ombe wa mwenzake. Aliyewekwa kusimamia alipewa nusu ya faini, kwa hiyo hakuona uvivu kutembea.

Kwenu ngazi ziwe hizi: mchango mmoja ukikosekana, mazungumzo ya faragha; miwili, faini ndogo; mitatu mfululizo bila maelezo, haki ya kulipwa inasimama mpaka alipe, lakini anaendelea kuitwa vikaoni; sita, kikao kinaamua. Majina ya wadaiwa yasisomwe hadharani wala kubandikwa mtandaoni. Aliyeaibishwa harudi, na ndugu zake wanaondoka naye.

Halafu, mwenyekiti, vumilieni kiasi fulani cha wanaopokea zaidi kuliko wanavyotoa. Mgonjwa wa muda mrefu na mama mwenye mtoto mlemavu hawatalipana nanyi sawasawa maishani. Kikundi kinachotaka kila hesabu ilingane kwa kila mtu kimekuwa chama cha kukopeshana, na hicho ni kitu kingine.

Vipi kuhusu kuhesabu saa za kazi badala ya fedha? (Msomaji)

Inawezekana. Japani, Teruko Mizushima alianzisha benki ya kazi za kujitolea mwaka 1973, na Marekani Edgar Cahn alieneza mpango kama huo tangu miaka ya 1980: saa moja ya yeyote ni sawa na saa moja ya mwingine. Hufaa zaidi pale watu wasipojuana sana. Kwa majirani waliokwisha kuzoeana, kuhesabu saa kunaweza kuharibu kilichokuwapo. Mtu aliyekuwa akipita kukujulia hali ataanza kutazama saa. Mkiamua kuhesabu, wekeni ukomo wa deni, tuseme saa 20 kila upande, maana wanaokusanya saa bila kuzitumia huusimamisha mpango zaidi kuliko wenye madeni.

Mafuriko yametupita jirani kidogo tu. Yakija kwetu, kaya 60, tuwe na nini tayari? Safari iliyopita mahali pengine watu waliletewa marobota ya nguo na hakuna aliyezivaa. (Kamati ya dharura)

Tuanze na chakula na maji, maana hapo kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta vurugu. Kaya 60 za watu 5 ni watu 300. Mgawo unaotumika sana na mashirika ya misaada kwa mtu asiye na chakula kingine ni karibu gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa watu 300 ni kilo 120 za nafaka, kilo 18 za mikunde, kilo 7.5 za mafuta na kilo 1.5 za chumvi, kila siku. Maji ya matumizi yote ni lita 15 kwa mtu, jumla lita 4,500. Ukishaona takwimu hizi unaelewa kwa nini ghala la kikundi cha kaya 60 lisilenge wiki mbili. Lengeni siku 3, mpaka njia zifunguke.

Chakula kikipikwa kwa pamoja, kiive kabisa, joto la katikati yake lifike nyuzi 70 za sentigredi. Kikisubiri kiwe juu ya nyuzi 60, la sivyo kigawiwe ndani ya saa mbili. Wengi huharibikiwa hapo: sufuria kubwa imepikwa alfajiri, gari la kusambaza limekwama, chakula vuguvugu kinaliwa saa nane mchana, na usiku kambi nzima inaharisha. Afadhali sufuria tatu ndogo kwa zamu kuliko moja kubwa. Mwenye kuharisha au kidonda mkononi asikaribie jiko, hata kama ndiye mpishi hodari.

Kugawa: fungasheni kwa ukubwa wa kaya kabla ya watu kufika, muitane kwa makundi yenu ya kaya 8 hadi 10, kila kundi kwa saa yake. Foleni moja ya watu 300 humpa mwenye nguvu kwanza. Wajumbe wapeleke milangoni kwa wasioweza kutembea kabla ya foleni kuanza, si mabaki yake.

Nguo hizo. Vitu msivyoomba hula watu, nafasi na muda; robota moja lisilochambuliwa linahitaji watu wanne wa kulichambua ambao mngewatuma kwingine. Dawa ni kuomba kwa orodha fupi yenye idadi, na kuifunga inapotimia. Baada ya kimbunga Sandy kupiga New York mwaka 2012, wanaharakati waliojiita Occupy Sandy walitumia orodha za zawadi za harusi za dukani mtandaoni kuomba walichohitaji: pampu, blanketi, dawa za kusafishia. Mtoaji alinunua kilichotajwa, nacho kikaondoka kwenye orodha. Nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa ubao: "Koleo 12, zimebaki 5." Zikitimia, futeni siku hiyohiyo.

Sudan, tangu vita vya Aprili 2023, vikundi vya wajitoleaji vya mitaa, vinavyoitwa vyumba vya dharura, vimeendesha majiko ya pamoja na huduma za wagonjwa mahali ambapo mashirika makubwa yalishindwa kufika. Waliokuwa karibu walikuwa tayari wanajuana, na kila mtaa uliamua mambo yake. Walilipa pia gharama: wajitoleaji walikamatwa na kuuawa. Palipo na vita, orodha ya majina yenu ni silaha kwa mwingine. Andikeni kidogo, na mjue mapema nani ataichoma.

Watu wenye shida kweli hawaombi. Wanaona haya. Tufanyeje? (Mama wa kikundi)

Shikamoo mama. Acheni kuwasubiri waombe. Gaweni kwa wote, kisha asiyehitaji arudishe kimyakimya kwa mjumbe. Kurudisha hakuna aibu, kuomba kuna aibu. Pasipotosha kwa wote, mjumbe awe na ruhusa ya kutoa hadi fungu 1 bila kumuuliza mtu na bila kutaja jina kikaoni, aandike tu "fungu moja, eneo la pili". Zaidi ya hapo, wajumbe wawili wakubaliane. Picha za wanaopokea msipige, hata mfadhili akizitaka.

Shirika moja limetuahidi fedha mara kumi ya mfuko wetu. Tukubali? (Katibu)

Mkikubali, msiziweke katika mfuko wa michango. Watu wakiona sanduku limejaa fedha za wageni huacha kuchanga, na wageni wakiondoka, mazoea ya kuchanga yameshakufa. Zielekezeni kwenye kitu kinachobaki: tangi, mashine, paa la ukumbi. Ombeni ziletwe kwa awamu. Kataeni sharti lolote linalochagua wanachama wenu au kuwalipa mishahara viongozi wawili watatu. Siku mshahara ukikoma, kazi iliyokuwa ikifanywa bure haitapata mtu.

Je, hatuipunguzii serikali wajibu wake? (Mwalimu mstaafu)

Inaweza kutokea, mwalimu, ikiwa kikundi kitanyamaza. Lakini kuna njia nyingine. Mjini Tredegar, Wales, wachimba makaa na wafanyakazi wa chuma walikuwa na chama cha matibabu kilichoendeshwa kwa makato ya mishahara yao, kikiajiri madaktari wake. Aneurin Bevan, mzaliwa wa mji huo, ndiye aliyekuwa waziri wa afya huduma ya matibabu kwa wote ilipoanza Uingereza tarehe 5 Julai 1948. Walichojifanyia wenyewe kikawa kipimo cha kudai. Andikeni basi kila kazi mnayoifanya ambayo ni ya halmashauri: safari ngapi za maji, mashimo mangapi ya barabara, kwa gharama ipi. Pelekeni karatasi hiyo kila mwaka wa bajeti. Daftari la miaka miwili ni gumu kulipuuza kuliko malalamiko.

Kazi zote zinamwangukia dada mmoja. Akichoka tumekwisha. (Wengi wameuliza hili)

Mwambieni aandike kila anachofanya kwa wiki mbili, hata simu anazopokea. Orodha itawashtua. Igawanyeni kazi kwa kazi, kila kazi watu wawili, mmoja akifanya na mwenzake akijifunza, wapokezane kila miezi sita. Zamu zisiishe siku moja kwa wote, msije mkabaki na wapya peke yao. Asiyetaka kuachia kazi aulizwe kwa upole kwa nini. Wakati mwingine ni mapenzi, wakati mwingine kuna kitu kwenye daftari.

Kuandikisha kikundi ni lazima? (Msomaji)

Kwa kuchoteana maji, hapana. Mkifungua akaunti, kukodi jengo au kupokea ruzuku, ndiyo. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili watoshe kutoa, na wasiwe wa nyumba moja.

Kikundi chetu kimebaki watu 7 kati ya 26. Tunafungaje bila kugombana? (Mweka hazina wa mwisho)

Tangazeni tarehe, siku 30 mbele, muwape taarifa wote 26, waliotoka pia. Simamisheni michango na mikopo siku hiyohiyo. Kusanyeni madeni, yasiyolipika yasomwe na kufutwa kwa kura, mtu asije akayadai baadaye kwa jina la kikundi. Walipeni wanaowadai. Akiba ya mtu irudi kwa mwenyewe kwanza, hata kama alishaacha kuhudhuria. Mfuko wa dharura si akiba ya mtu, kwa hiyo mnaweza kuugawa sawa kwa waliochanga miezi 12 ya mwisho au kuupeleka kwa kikundi jirani kitakachowapokea. Vyombo kama mahema na sufuria viandikiwe mpokeaji mmoja mwenye kuvitumia, visigawanywe. Funga daftari kwa mstari mwekundu chini ya salio la sifuri, watu watatu watie saini, na nakala ikae kwa wawili kwa muda wa miaka miwili.